Pistolet za Moto, Katuba

Mwaka ule Katanga ilipojitenga na kuwa nchi peke yake, mimi nilikuwa natafuta mkate. Si kwa njaa. Njaa ilikuja baadaye, na iliwashika wengine kabla yetu. Nilikuwa nautafuta mkate kama mtu anavyotafuta neno analojua kwamba lipo, amelisikia mahali, lakini ulimi haulipati.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule ya misheni nilikosaidia kufundisha ilikuwa imefungwa, madawati yamepangwa barazani kama watu wanaosubiri kuitwa. Kila Jumamosi alasiri vijana saba tulikutana katika chumba nyuma ya parokia kusomeana tulichoandika. Wote tuliandika mashairi ya bendera na damu. Siku moja binti wa muuguzi, ambaye peke yake kati yetu alikuwa na ulimi mkali kuliko kalamu yake, alinikatiza katikati ya ubeti.

“Weye unaandika damu kila juma, na haujachinja hata kuku,” alisema. “Andika kintu unajua.”

Wakaniuliza najua nini. Kwa hasira nikajibu kwamba najua mkate. Walicheka mpaka padri akagonga ukuta. Hivyo ndivyo daftari langu lilivyoanza, daftari la shule lenye gamba la buluu. Nilikusudia kuandika kila mahali mjini panapookwa kitu cha kuliwa: saa ya kufika, mlango wa kuingilia, cha kuonja, na ladha yake. Nilitaka msomaji aweze kufumba macho na kufika kwa pua.

Nilianza kwa Mgiriki karibu na stesheni. Alioka pete za mkate zilizovikwa ufuta, na ukizinunua kabla ya saa moja asubuhi zinakuunguza vidole. Zamani sisi weusi tulihudumiwa kwenye kidirisha cha nyuma. Baada ya uhuru mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa wote, na kidirisha kikapigwa mbao na misumari. Lakini asubuhi ya kwanza niliyofika pale na daftari, niliwakuta watu kumi hivi wamepanga mstari nyuma ya nyumba, kimya, nyuso zao zikitazama mbao. Hawakuwa wakigonga wala kuzungumza. Mgiriki alitoka na aproni yake akawaita waje mbele, wakamfuata kama watu walioamshwa. Kesho yake niliwakuta tena palepale. Niliandika: *Ingia mbele. Onja pete za ufuta. Usisimame na wale wa nyuma.*

Kwenye barabara kubwa kulikuwa na duka la keki ambalo mwenyewe alikwisha ondoka. Aliacha dirishani keki ya arusi ya ghorofa nne, nyeupe, yenye maua. Miezi ilipita, jua likaipiga kila mchana, na keki haikuoza wala kubadilika rangi. Sisimizi walipanda mpaka ghorofa ya kwanza, wakazunguka, wakateremka. Nilihitaji kuja mara tatu ndipo nikaelewa kwamba ilikuwa ya plasta ya ukutani. Hata baada ya kuelewa, sikupenda kupita upande ule wa barabara. Kitu kilichotengenezwa kifanane na chakula, halafu kisiliwe na chochote kilicho hai, kilinitazama kwa namna yake.

Kisha Bel-Air, mtaa wa Wazungu. Pale mjane mmoja wa Kibelgiji alikuwa akioka nyumbani kwake cramique, ule mkate wao laini wa maziwa na zabibu kavu, na kuwauzia majirani dirishani. Nilikuwa nimeuonja mara mbili, na mara zote mbili nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili utamu usiishe njiani. Mara ya tatu niliukuta mtaa mtupu. Malango yamefungwa kwa minyororo, nyasi zimeota katikati ya kokoto. Lakini harufu ilikuwepo: maziwa, sukari iliyoungua kidogo, zabibu. Ilikuwa nzito kiasi kwamba mate yalinijaa. Niligonga dirisha lake na hakuna aliyejibu. Mtumishi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akifagia uwanja wa watu ambao hawakuwepo, aliniambia kwamba mama yule amevuka kwenda Rhodesia siku nane zilizopita, na jiko lake ameligawa. Nikamuuliza kama naye anasikia harufu. Alisimamisha ufagio, akavuta pumzi, akaniambia niende nyumbani.

Nilipomsimulia mama yangu, aliweka chini sufuria.

“Harufu ya mukate, na muntu ya kuoka haiko,” alisema. “Ile ni batumbula.”

Kila mtoto wa mji huu amelelewa na batumbula. Walisemekana kuwakamata watu njiani, kuwafungia shimoni na kuwalisha mikate mitamu mpaka wanenepe na kusahau majina yao. Kilichofuata baada ya hapo mama hakuwahi kukimaliza. Na kwa kuwa wanawake wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, huuza bitumbua, vile vya kukaangwa kwa ndizi na unga, sisi watoto tuliyachanganya maneno yale mawili na kuviogopa vitumbua vyenyewe. Mpaka leo nikiuma kitumbua cha moto hugeuka kwanza kutazama nani yuko nyuma yangu. Hata hivyo viliingia daftarini, ukurasa mzima, kwa sababu ni vitamu.

Mkate niliokuwa nautafuta niliupata Katuba, mtaa wa pembeni mwa mji.

Kwetu vichuguu ni vikubwa kama nyumba. Watu hukata humo udongo wa matofali, wengine hupanda mihogo juu yake. Nyuma ya nyumba moja ya matofali mabichi, mwishoni mwa mtaa, kulikuwa na kichuguu kilichochimbwa upande mmoja na kuwa tanuri. Mwenye tanuri alikuwa mtu wa Kasai, jimbo ambalo watu wake Katanga mpya iliwaita wageni; mwembamba, nyusi zake nyeupe kwa unga kila alipokuwa. Alikuja mjini akiwa kijana, akaoka miaka mingi nyuma ya duka la Mbelgiji mmoja. Duka lilipofungwa, mke wake na watoto walipanda treni kurudi Kasai, yeye akabaki ili aoke.

Alioka pistolet. Wabelgiji wana mkate mdogo wa mviringo wenye ganda gumu na mfereji katikati, na huo ndio wanauita hivyo. Neno ni lile lile la bastola. Kwa nini, hata wao hawajui. Mjini hapa, mtu aliingia dukani akasema “nipe pistolet nane” na hakuna aliyegeuka kumtazama. Fundi wa Katuba aliuweka ule mfereji kwa mpini wa mwiko uliopakwa mafuta, akibonyeza mara moja tu, kama mtu anayefunga barua. Unga wa ngano ulipopungua, alichanganya na unga wa muhogo ulioletwa na malori ya upande wa Kasomeno, na mkate ukapata uchachu kidogo na ladha ya moshi. Ukiupasua, ganda linalia. Ndani ni mweupe, unyevu, na mvuke unakupanda usoni.

Siku ya kwanza aliniona nikiandika, akaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi. Nikamwambia naandika ili watu wajue mkate mzuri uko wapi.

“Basi andika kama mi sina deni ya sifa,” alisema. “Banikopeshe tu, nitalipa na mukate.”

Chachu ya dukani ilikuwa imekwisha mjini. Yake aliitengeneza kwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi, akaikuza kwa unga ndani ya kibuyu kilichofunikwa kitambaa. Aliiita mama. Kila jioni alimpa mama unga na maji, na hakuruhusu mtu atukane mbele yake. Nilifunua kitambaa siku moja: uso wa kijivu uliojaa mapovu, ukipanda na kushuka. Moja lilipasuka karibu na pua yangu, likatoa pumzi ya mtu aliyelala.

“Weka sikio hapa,” aliniambia, akanielekeza ubavu wa kichuguu, upande ambao hakuuchimba. Ndani kulikuwa na kugonga. Tiki, tiki, tiki, kimya, halafu tena, kama vidole vingi vikijibizana. Mchwa walikuwa bado wanaishi humo. Alisema kila wiki huukuta mdomo wa tanuri umepunguzwa kwa udongo mpya, naye huukwangua. “Ile ni nyumba yabo. Mi niko mupangaji.”

Kwa hiyo mkate wa kwanza wa kila asubuhi aliuweka juu ya kilele cha kichuguu, kwa wenye nyumba. Mkupuo wa pili ukitoka, ule wa kwanza haupo. Sikuona ndege wala mbwa. Nilimuuliza nani anaula.

“Mupangaji haulizake mwenye nyumba anakulaka nini.”

Nilienda kwake asubuhi nyingi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata neno lake. Jumamosi moja nilikaa juu ya gogo katika uwanja wake, mkate mmoja mkononi, nikaandika ukurasa ambao niliuona kuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Naukumbuka neno kwa neno, kwa sababu ambazo nitazisema:

*Katuba. Pistolet za moto. Ziko nyuma ya nyumba ya matofali mabichi, mwisho wa mtaa, zimefichwa ndani ya kichuguu. Fika mapema, kabla ya misa ya kwanza. Dazeni nne kila siku. Zinajaa mkononi. Ikilia, moshi unatoka mdomoni. Bora kuliko za Wazungu. Fundi ni mtu wa Kasai, na mkono wake haukosei.*

Alasiri ile nilikuwa nikienda kwenye mkutano wetu wa parokia. Kati ya Katuba na mji kulikuwa na bariere, mapipa mawili na gogo, na askari watatu. Walinisimamisha, wakapekua kapu la baiskeli, wakakuta daftari. Aliyejua kusoma alilisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Pete za ufuta zilimchosha. Alifungua katikati, akaanza: “Katuba. Pistolet za moto.”

Akaacha kusoma kwa sauti. Midomo yake iliendelea kutembea.

Nilieleza. Nilisema ni mkate, chef, ndivyo tulivyowaita askari, mkate mdogo wa Wabelgiji. Yule aliyekuwa mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliomba arudiwe polepole. Alisomewa. Akaniuliza mkate unaliaje.

“Ganda yake, chef. Ukiipasua.”

“Na moshi?”

“Ni mvuke, chef.”

Akacheka mpaka akavua kofia. Wenzake wakacheka naye, nami nikacheka. Alisema kwao, kijijini, mkate unaitwa mkate. Alisema watu wa Kasai wana akili sana. Akanirudishia baiskeli, akaliingiza daftari ndani ya shati lake, akafunga kifungo.

“Tutaenda kuonja,” alisema.

Niliuliza daftari langu. Akanijibu kwa upole kwamba maneno si ninayo kichwani.

Ningeweza kugeuka. Kulikuwa na njia za nyuma, kupitia mashamba ya mihogo, na jua lilikuwa bado juu. Lakini nilikuwa na hadithi. Nilikanyaga pedali mpaka parokia, nikiipanga njiani: sauti ya mnene, kidole cha msomaji, mkate unaolia. Nilipoisimulia, sita wale walicheka kuliko walivyowahi kucheka kwa jambo langu lolote. Mmoja alipanda kiti akawa askari. Mwingine akawa mkate, akanyoosha mikono juu.

Binti wa muuguzi alicheka pia. Halafu akanyamaza kabla ya wengine.

“Sasa daftari iko wapi?”

“Beko nayo.”

“Na mule uliandika nyumba yake?”

Nikasema niliandika kila kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya daftari. Yule aliyekuwa juu ya kiti akashuka taratibu.

Nilirudi kwa kasi niliyoweza. Bariere ilikuwa na askari wengine, wasionijua, na walisema hakuna kuingia Katuba mpaka asubuhi. Mnene hakuwepo. Nilijaribu njia ya mihogo, nayo ilikuwa na askari wake. Nikarudi nyumbani, sikula.

Asubuhi ya Jumapili waliniruhusu. Kengele ya misa ya kwanza ilikuwa ikilia, na kwa kawaida saa ile mtaa wake ulijaa watu wenye mikate kwapani. Sikumkuta mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa, ingawa moshi wa mikaa ulitoka nyuma ya nyumba. Mlango wake tu ndio ulikuwa wazi.

Uwanjani, juu ya ile meza ndefu ya mbao, mikate ilikuwa imepangwa kwa mistari. Niliihesabu bila kutaka: dazeni tatu, kasoro mmoja. Kila mmoja umepasuliwa katikati, kwenye mfereji wake, na nusu mbili zimelazwa wazi, upande mweupe juu, sawasawa, kama viatu milangoni. Hakuna uliokuwa umeumwa. Walikuwa wametafuta ndani ya kila mkate, mmoja baada ya mwingine, kwa subira, na ndani ya kila mkate walikuta mkate.

Nilitia mkono mdomoni mwa tanuri. Lilikuwa bado na joto. Nikatazama juu ya kichuguu. Mkate wa kwanza ulikuwepo, mzima, wenye nyumba hawajaugusa. Niliweka sikio ubavuni. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na kugonga.

Jirani, mama mmoja aliyezoea kununua mikate minne kila siku, alizungumza nami kupitia mlango uliofungwa. Hakutaka kufungua.

“Balikuya kutafuta bunduki mu mukate,” alisema. “Jana, mbele ya jua kuzama.”

“Na baba mwenyewe, mama? Balimukamata?”

“Mi sikuona. Mi nilisikia tu mikate, inapasuka, inapasuka.” Kisha akaongeza: “Banasema kuko kijana aliandika.”

Nikaondoka mlangoni pake. Niliingia nyumbani kwa fundi. Kitandani blanketi lilikuwa limekunjwa. Kofia yake ilikuwa msumarini. Kwenye kona, kibuyu kilikuwa kimefurika. Mama, ile chachu yake, alikuwa amekinyanyua kitambaa na kuteremka ubavuni mpaka sakafuni, akitafuta njia. Nikamkusanya kwa mikono, nikamrudisha ndani, nikamfunga, nikaondoka naye ndani ya kapu. Bariereni walifunua, wakanusa, wakasema pombe, wakaniacha.

Tangu siku ile nilikuwa na swali moja tu, na kila mtu nyumbani alilijua: kama mtu yule alikuwa hai, au nimemuua kwa ukurasa.

Niliuliza. Nilienda kwenye lango la gereza, nikaambiwa hakuna mwoka mikate. Nilienda hospitali, nikaambiwa nieleze sura. Nikaeleza nyusi nyeupe, nikaona nimeeleza unga. Wakati ule watu wa Kasai walikuwa wanaondoka mitaani, nyumba baada ya nyumba, wakikimbilia kambi iliyokuwa imeota pembeni ya mji, karibu na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Hata sisi tuliotoka kaskazini ya Katanga tulianza kutazamwa vibaya, na baba yangu aliacha kusema lugha yake stesheni alikofanya kazi. Kila asubuhi kulikuwa na mlango mwingine unaopigapiga kwa upepo.

Kibuyu nilikiweka chini ya kitanda changu. Jioni nilimpa yule mama wa kibuyuni unga na maji kama nilivyomwona fundi akifanya. Alikuwa anapumua. Nikilala niliona kitambaa kikipanda, kikishuka. Niliomba asife, maana niliamini, na sikumwambia mtu, kwamba akifa huyu, fundi naye atakuwa amekufa, na kwamba nikizembea jioni moja tu nitakuwa nimeua mara mbili.

Mama yangu alikigundua kibuyu siku ya nne.

“Kintu ya muntu iko inapumua mu nyumba yangu,” alisema. “Na mwenyewe haijulikane kama iko mu inchi ya bazima ao ya bale balikufa.”

Nikamwambia ni chachu tu.

“Chachu inakulaka unga yetu kila siku, na hatujaona mukate. Unajua nani analishaka na haonekane?”

Nilijua alimaanisha batumbula. Alitaka niitupe mtoni. Tuligombana kwa sauti ya chini, kama watu wenye mgonjwa chumbani. Lakini wiki ya pili niliporudi kutoka kumtafuta fundi, nimechelewa, nimechoka, nikakimbilia chini ya kitanda, nilimkuta mama yangu amepiga magoti sakafuni na kijiko. Alikuwa akilisha kibuyu na kumsemesha kwa lugha ya kaskazini, kwa sauti aliyotumia kwetu tulipokuwa na homa. Hakugeuka. Tangu siku ile hakunipa tena kijiko.

Nilirudi Katuba mara moja. Nyumba ilikuwa imeng'olewa mlango na madirisha. Meza haipo. Lakini kilichonisimamisha ni tanuri. Mdomo wake, uliokuwa na upana wa mabega yangu, ulikuwa umebaki tundu la ngumi. Pembeni pote kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, unaong'aa. Wenye nyumba walikuwa wanafunga. Niliinama kuchungulia, nikaona ndani, mbali, kitu cha mviringo, cheusi. Mkupuo wa mwisho ulikuwa umebaki ndani, nami siku ile ya Jumapili sikuangalia mpaka mwisho. Nikaweka sikio. Kugonga kulikuwa kumerudi, kwa nguvu kuliko zamani, upande wote.

Binti wa muuguzi ndiye aliyeniambia niende kambini. Baba yake alikuwa akifunga vidonda kule. Alisema kuna harufu kule, katikati ya moshi na choo, ambayo haifai kuwepo.

Nilienda mchana, kibuyu kapuni. Kambi ilikuwa mji wa magunia, makaratasi na mabati, watu wengi kuliko macho yanavyoweza kubeba, na wote wakizungumza chini kwa chini, hata sauti yao ikawa kama ya kichuguu. Nilifuata pua. Mara mbili niliipoteza. Nilikumbuka Bel-Air na miguu ikawa mizito. Kisha, nyuma ya mstari wa vibanda, niliona kichuguu kidogo, kimetobolewa ubavuni, na juu ya kilele chake mkate mmoja, wa mviringo, wenye mfereji katikati.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya tundu, mgongo kwangu, akipuliza moto. Amekonda. Nyusi zake zilikuwa nyeusi. Sikujua kwamba zilikuwa nyeusi. Niliegemeza baiskeli, naye akasema, bila kugeuka:

“Umeleta mama?”

Harufu ya kibuyu ilikuwa imenitangulia.

Alinieleza akiwa anakipakata. Jumamosi ile alikuwa ameenda kutafuta kuni. Alioka mikate ya Jumapili mapema, kwa sababu moto ulikuwa mzuri, akaiacha mezani ipoe na mkupuo wa mwisho ndani, na mmoja juu ya kichuguu. Aliporudi alikuta watu wamejaa mtaani wanatazama uwanja wake. Akaingia katikati yao, kuni kichwani, akatazama nao. Askari walikuwa wanapasua. Na yule mwenye kusoma alikuwa amesimama juu ya gogo, anasoma kutoka daftari, ili wenzake wajue wanatafuta nini.

“Alisoma yote,” alisema fundi. “Ukubwa, moshi, mukono ya muntu ya Kasai. Watu beko kimya. Mi nikasema mu roho, kumbe mukate yangu iko vile. Hata muke yangu haikunisifiaka vile siku moya.”

Nilianza kuomba msamaha. Yeye akaendelea kusimulia.

“Kisha ule munene akaniona na kuni. Akasema, papa, unajua mwenye nyumba? Nikasema, mi ni mupangaji tu wa huku.” Alicheka kidogo, kikohozi zaidi kuliko kicheko. “Akanipatia mukate moya, alikuwa nayo mu mufuko. Akasema onja, papa, tuone kama utakufa. Nikakula mbele yabo. Nikamaliza. Nikaweka kuni chini, nikatembea mpaka huku.”

Alifunua kitambaa. Alitia kidole, akaonja, akafumba macho.

“Nani alikuwa anamulisha?”

“Mama yangu, baba.”

“Inaonekana. Weye ungemusomea.”

Alikifunika kibuyu tena. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. Hakulisema kwa hasira.

“Uliandika muzuri, mwana. Ile ndio ubaya yake.”

Aliniomba jambo moja, kwamba nisiandike tena nyumba, wala jina, wala kabila la mkono, nami nikamwahidi. Nimeshika nusu ya ahadi hiyo. Kabila nimelisema hapa, kwa sababu bila hilo hakuna cha kusimulia. Jina lake halimo, wala la mtu mwingine yeyote, na nyumba ile wenye nyumba wamekwisha ifunga.

Nilipoondoka alinipa mkate mmoja, umefungwa katika karatasi ya mfuko wa saruji, kwa ajili ya mama yangu. Njiani kulikuwa na bariere mpya. Askari alikuwa peke yake, amechoka, macho mekundu kwa vumbi. Aliuliza ni nini.

“Mukate.”

“Mukate gani?”

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa neno sahihi.

“Mukate tu,” nikasema.

Akaupasua kwenye mfereji. Ganda likalia, na akashtuka, nami nikashtuka naye. Mvuke ulimpanda usoni. Alichungulia ndani ya nusu moja, akachungulia ndani ya nyingine, kwa makini, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu. Kisha akanirudishia nusu, na nusu akabaki nayo, akasimama katikati ya barabara akiitazama, hajaila bado, mpaka nilipokata kona.